Dagaa hawahami mwezi ukiwaka

Ukikaa Kigoma utasikia kwamba siku za mbalamwezi dagaa wanahama Ziwa Tanganyika, ndiyo maana bei inapanda sokoni. Hawahami. Wako palepale, ila taa ya wavuvi ya kuwavutia usiku imepoteza nguvu.

Mchana dagaa hushuka kwenye kina. Giza likiingia hupanda juu, wakifuata vijidudu vidogo mno vya majini, ambavyo ndivyo chakula chao. Usiku usio na mwezi, karabai (siku hizi nyingi ni taa za umeme wa jua au betri) ndiyo mwanga pekee, hivyo samaki hukusanyika chini yake hadi wavu unyanyuliwe. Samaki aina ya migebuka nao hufuata, maana dagaa ndio mlo wao. Msidhani wamekuja kutazama taa!

Mwezi mpevu ukiangaza ziwa zima, taa ya mtumbwi haijitokezi tena. Dagaa hubaki wametawanyika, na wanaonaswa hawarudishi gharama ya mafuta au chaji. Kwa hiyo wavuvi wengi hupumzika siku kadhaa, wakishona nyavu, wakingoja mwezi uchelewe kuchomoza.