Chumvi ya Gongoni na ramani ya mafuta ya ubongo

Mjomba wangu amezeekea kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, kaskazini ya Malindi. Kila nikija likizo hakosi kuniuliza, "Na zile bongo za panya?" Juzi, tukila viazi karai barazani, nikamwambia chumvi iliwahi kunitia aibu.

Kazi yangu ni kuchora ramani ya mafuta ya ubongo. Ubongo hugandishwa mara unapotolewa, maana ukichelewa vimeng'enya huanza kuyakatakata mafuta. Nakata kipande chembamba, maikromita 10 hivi, nakibandika kwenye kioo, kisha nakipulizia matriksi, kemikali inayokauka ikawa fuwele za kunyonya mwanga wa leza. Hapo sharti mkono uwe mwepesi: ukikilowesha, mafuta yatatambaa, na ramani itakuwa kama barua iliyomwagikiwa chai. Leza hupiga nukta baada ya nukta, na mashine hupima uzito wa molekuli zinazoruka. Chagua uzito mmoja, upake rangi kila nukta kwa kadiri ya nguvu yake, picha ndiyo hiyo.

Lakini molekuli haipimwi mpaka iwe na chaji, na chaji mara nyingi huja na abiria. Fosfatidilkolini ya 34:1, aina mojawapo ya mafuta ya ubongo, ikibeba protoni husomeka 760.6, ikibeba sodiamu, 782.6, potasiamu, 798.5. Ni mtu mmoja: msikitini na kanzu, sokoni na kikoi, ofisini na suruali.

Mwaka wangu wa kwanza maabara nilipima ubongo wa panya aliyepata kiharusi. Upande ulioumia, 798.5 ilififia kabisa. Nikaandika daftarini, tena kwa kalamu nyekundu, kwamba mafuta yamepotea. Mwenzangu akasema tu, "Hebu fungua 782.6." Upande uleule ukawaka! Seli ikikosa nguvu, pampu zake hukoma: potasiamu hutoka, sodiamu huingia. Mafuta yalikuwepo, chumvi ndiyo iliyohama.

Siku hizi siamini picha moja. Natazama zote tatu pamoja, au naosha chumvi kabla ya kupuliza matriksi.

Mjomba akatua kiazi. "Sasa ukiosha chumvi, mafuta nayo hayaendi?"

Wanafunzi wangu wengi hawaliulizi hilo. Ndiyo maana natumia maji ya amonia asetati, baridi, kwa sekunde chache tu. Ningeosha kwa spiriti, kingebaki kipande kisicho na cha kuchorwa.