Je, wajua kwa nini Zimbabwe bibi mwenye benchi huzuia watu wasijiue?

Mswahili akifika Harare na kumsikia mtu akisema "ndiri kufunga", atadhani jamaa yuko kwenye Ramadhani. Sivyo. Kwa Kishona, kufunga ni kufikiri. Ongeza mkia wa -isisa, ule unaozidisha kitendo, unapata kufungisisa: kufikiri mpaka ukapitiliza, mawazo yakawa yanazunguka kichwani usiku kucha kama pia.

Neno hilo limebeba nusu ya jibu. Nusu nyingine ni ukata.

Mwaka 2005 serikali ya Zimbabwe ilifanya bomoabomoa kubwa mijini, operesheni iliyoitwa Murambatsvina. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa watu wapatao 700,000 walipoteza makazi, riziki, au vyote viwili. Mbare, mtaa mkongwe wa Harare wenye soko kubwa na stendi ya mabasi, ulikuwa miongoni mwa walioumia. Katika miaka hiyohiyo Dk. Dixon Chibanda, mmoja wa madaktari bingwa wa afya ya akili wapatao 12 tu katika nchi ya watu zaidi ya milioni 12, alimpoteza mgonjwa wake, msichana aliyejiua. Familia ilikuwa imekubaliana naye kwamba binti arudishwe hospitali. Hakufika. Chibanda amesimulia mara nyingi hadharani alichoambiwa na mama wa marehemu: walikosa nauli ya basi, dola 15.

Hapo ndipo daktari alipoacha kuuliza kwa nini wagonjwa hawaji, akaanza kuuliza huduma inangoja nini hospitalini. Akaenda Mbare. Akaambiwa manesi hawana nafasi, vyumba vya kliniki vimejaa. Kilichokuwepo ni bibi 14 waliokuwa wakifanya kazi za afya ya jamii mtaani, na uwanja wa nje. Basi likawekwa benchi uwanjani, mwaka 2006. Tusirembe mambo: hakuna aliyekaa akabuni benchi kwa sababu ni wazo zuri. Benchi lilikuja kwa sababu chumba hakikupatikana.

Mwanzoni liliitwa benchi la afya ya akili, na watu wakalikwepa. Sisi huku hatuhitaji kuelezwa sababu. Tanzania ukimwambia mtu "nenda Mirembe" umemtukana, ingawa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, ni hospitali kama nyingine. Nairobi jina la Mathari hutumika vilevile. Nani atakaa kwenye benchi lenye tangazo hilo huku jirani anapita na kikapu chake? Bibi ndio waliosema jina libadilishwe. Likawa Benchi la Urafiki, na kwa Kishona Chigaro Chekupanamazano, yaani kiti cha kupeana mashauri. Ukisikiliza vizuri utaisikia "kupeana" yetu imejificha humo.

Bibi hao hawakuishia kwenye jina. Istilahi za kitabibu walizikataa, wakasema hakuna mtu Mbare anayeumwa kwa maneno hayo. Mtu wa Mbare anaumwa kufungisisa. Nadhani hapa ndipo penye funzo kwetu tunaozungumza Kiswahili. Tunalo neno rasmi, sonona, linaandikwa magazetini na kwenye mabango, lakini mimi sijawahi kumsikia mtu akisema "shangazi, nina sonona". Watu husema: mawazo yamenizidi. Silali. Kichwa hakitulii. Moyo mzito. Anayesubiri kusikia sonona atangoja sana, na mgonjwa atakuwa ameshapita mbele yake mara tatu akilalamikia tumbo.

Bahati nzuri Harare ilikuwa na kipimo kilichotungwa kwa lugha ya watu wenyewe. Ni maswali 14 ya ndiyo na hapana kuhusu wiki iliyopita, yaliyoandaliwa na daktari wa afya ya akili Vikram Patel na wenzake miaka ya 1990. Je, ulikuwa ukifikiri sana? Ulikosa usingizi? Tumbo lilikuuma? Uliwaka hasira kwa jambo dogo? Ulilia, au ulitamani kulia? Na katikati ya hayo, bila kuzunguka: ulijisikia kutaka kujiua?

Swali hilo huwatisha wengi. Tunaogopa kwamba ukilitamka utakuwa umempa mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Utafiti haujaonyesha hivyo. Anayeulizwa kwa upole mara nyingi hupumua, kwa kuwa mzigo aliokuwa anauficha umetajwa na mtu mwingine. Akijibu ndiyo, haachwi aondoke peke yake; bibi humwita msimamizi, na mgonjwa hupelekwa panapostahili. Hata wewe unaweza kumuuliza hivyo ndugu yako usiku wa leo, ukakaa naye, ukamsindikiza kituo cha afya. Na kama mwenye mawazo hayo ni wewe, mwambie mtu mmoja leo, kwa maneno hayohayo. Kwa aliye Kenya, namba 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bure. Wakenya walikuwa na kizuizi kingine: mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotangaza kuwa kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kinapingana na katiba, aliyejaribu kujiua akanusurika aliweza kushtakiwa. Ukimya mwingine huletwa na sheria.

Sasa tukae kwenye benchi lenyewe. Chukulia mama amekuja: kodi ya miezi miwili, mume haongei, mtoto amerudishwa nyumbani kutoka shule, usingizi hamna. Wanakaa ubavu kwa ubavu, hakuna meza kati yao. Hatua ya kwanza huitwa kuvhura pfungwa, kufungua mawazo. Bibi anasikiliza mpaka matatizo yote yatajwe, kisha anamwachia mama achague moja. Moja tu. Kwa bibi hapo ndipo pagumu, maana umri wake wote amekuwa akitoa amri, na leo anatakiwa asimwambie mtu la kufanya. Mama anachagua kodi. Wanaivunjavunja mpaka ibaki hatua ya kesho asubuhi: nitamwona mwenye nyumba kabla hajatoka, nimwombe wiki mbili. Ndio kusimudzira, kuinua. Akirudi wiki inayofuata, limefanikiwa au limekwama, wanaanzia hapo. Hiyo ni kusimbisa, kutia nguvu. Vikao havizidi sita.

Ushahidi ulitolewa mwaka 2016 katika jarida la kitabibu la Marekani, JAMA. Watu 573 kutoka kliniki 24 za Harare waligawanywa: wengine wakapata benchi, wengine huduma ya kawaida iliyoongezewa maelezo kidogo. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona walikuwa asilimia 14 upande wa benchi na asilimia 50 upande wa pili. Mawazo ya kujiua nayo yalikuwa machache zaidi kwa waliokaa na bibi. Mtu anayesikia sauti zisizokuwepo bado anahitaji daktari na dawa, na bibi wanajua mpaka wao.

Benchi limeshavuka mipaka. Limefika Malawi, limefika Zanzibar, na hata New York wamejaribu ya kwao. Lakini kitu ninachokipenda kuliko vyote kiko Harare, na huanza vikao vikiisha. Waliopita kwenye benchi hukutana kwa vikundi viitwavyo Kubatana Tose, kushikana mikono pamoja. Hukaa duara wakifuma mikoba kwa plastiki zilizotupwa, kila mmoja macho kwenye sindano yake, na hapo, pasipo mtu kumtazama mwenzake usoni, maneno hutoka. Mikoba wanaiuza.