Je, wajua kwa nini bendi ya Fugazi haikuuza hata fulana?

Mwulize yeyote anayejua biashara ya muziki: bendi inayozunguka mji kwa mji haiishi kwa viingilio peke yake. Pesa iko kwenye meza ya fulana pale mlangoni. Fugazi, bendi ya watu wanne kutoka Washington, D.C., ilipiga maonyesho kama 1,000 kati ya 1987 na 2002, na meza hiyo haikuwahi kuwekwa. Fulana zenye jina lao zilikuwapo mitaani, ila wachapaji walikuwa watu wengine. Iliyovuma kuliko zote iliandikwa kwamba hiyo si fulana ya Fugazi!

Sababu moja wameiimba wenyewe katika Repeater, albamu yao ya kwanza ya studio iliyotoka Aprili 1990. Wimbo wa nne, “Merchandise”, yaani bidhaa za dukani, unasema utu wa mtu haupimwi kwa vitu alivyonunua. Ukishaimba hayo jukwaani, kushuka na kuanza kuuza fulana kunahitaji macho makavu. Lakini kuimba ni rahisi. Wangapi wameilaani pesa huku wakiihesabu? Mimi kinachonivutia ni namna walivyomudu kukataa.

Turudi 1980. Ian MacKaye, ambaye baadaye angekuwa mwimbaji na mpiga gitaa wa Fugazi, alikuwa kijana wa miaka 18 mwenye bendi ya panki, yaani roki ya kasi na makelele, iliyoitwa Teen Idles. Bendi ikavunjika ikiwa na akiba kidogo ya pesa za maonyesho. Wenyewe hawakugawana; walizitumia kutoa santuri, na hapo lebo ya Dischord, yaani kampuni ya kutoa muziki, ikazaliwa. Majalada ya karatasi waliyakata, wakayakunja na kuyagundisha kwa mikono yao. Msanii aliyesaini na lebo kubwa hupewa malipo ya awali, kisha gharama za studio na nyingine nyingi hukatwa kwenye fungu lake la mauzo. Anaweza kuuza sana na bado akadaiwa, na hapo ndipo fulana inapogeuka kuwa ugali wake. Fugazi hawakuwa na deni la namna hiyo, kwa sababu lebo ilikuwa ya MacKaye na mwenzake Jeff Nelson.

Repeater nayo haikurekodiwa kwa mbwembwe. Studio ilikuwa Inner Ear, ambayo Don Zientara aliianzisha nyumbani kwake Arlington, Virginia. Mtayarishaji, Ted Nicely, alikuwa ameingia kwenye kazi ya upishi, hivyo ilibidi warekodi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana. Hebu fikiria kupiga makelele yale saa tatu asubuhi!

Na si makelele matupu. Hadikoo, panki ya kasi iliyokuwa ikivuma Washington mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilikuwa imegeuka uwanja wa ngumi. Waliochoka na fujo hizo, Fugazi wakiwamo, wakapunguza mwendo na kuacha nafasi kati ya sauti. Mtindo huo ndio unaoitwa posti-hadikoo. Besi ya Joe Lally ina harufu ya rege na dabu (rege iliyojaa besi na mwangwi), atakayeisikia ataitambua mara moja. Guy Picciotto, ambaye mwanzoni alikuwa zaidi mwimbaji, katika Repeater anapiga gitaa akijibizana na MacKaye, huku Brendan Canty akiwa kwenye drams.

Upande wa maonyesho, kiingilio kilikuwa kwa kawaida dola 5, na watoto wa shule waliruhusiwa. Baa nyingi za Marekani huzuia walio chini ya miaka 21, kwa hiyo bendi ilitafuta kumbi za makanisa na za jamii. Aliyekuja kupiga watu alirudishiwa dola zake 5 na kuonyeshwa mlango. Bei hiyo iliwezekana kwa kuwa walijiendeshea mambo yao wenyewe, na MacKaye ndiye aliyepanga ziara. Katika miaka ya 1990 Ahmet Ertegun, mmoja wa waanzilishi wa lebo kubwa ya Atlantic, aliwafuata mwenyewe kuwashawishi wasaini. Wakakataa.

Bendi ilisimama baada ya maonyesho ya London mwishoni mwa 2002. Kumbe walikuwa wamerekodi zaidi ya maonyesho 800. Mwaka 2011 walianza kuyaweka kwenye intaneti, na bei waliyopendekeza kwa kila moja ni dola 5.