Acheni Kutuletea Watoto "Wanyooshwe"

Kauli ni ile ile, iwe imetoka kwa mzazi, kwa mwalimu wa zamu au kwa mjumbe wa bodi ya shule: "Huyu ameshindikana, mpelekeni kwa mwalimu wa ushauri nasaha akamnyooshe." Imesemwa tena wiki hii, mbele ya mwanafunzi mwenyewe, na safari hii naandika.

Mnasihi, yaani huyo mwalimu wa ushauri nasaha, hanyooshi mtu. Nidhamu ina wenyewe: mwalimu wa nidhamu, kamati yake, mkuu wa shule, bodi. Hata viboko, ambavyo mimi sivitetei, hapa Tanzania vina kanuni zake katika Tangazo la Serikali Na. 294 la 2002: visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Njia hiyo ina mwanzo na mwisho wake. Unasihi si kiboko cha tano.

Nasisitiza kwa sababu madhara yake hayaonekani haraka. Wanafunzi wanajua kila mlango wa shule unamaanisha nini. Wakiona mlango wetu unaingiwa na watoro na wavuta bangi tu, tena wakisindikizwa na kiranja, binti aliyekosa siku zake miezi miwili hatausogelea. Kijana ambaye baba wa kambo anampiga kila usiku hatausogelea pia. Tutabaki na wale walioletwa kwa nguvu, ambao wamekuja wakiwa wameshaamua kutosema kitu.

Tumchukue huyo anayelala darasani, maana ndiye anayeletwa sana. Maswali ya kuuliza ni haya: unaishi na nani, unaamka saa ngapi, unatembea umbali gani, umekula nini tangu jana jioni, ukitoka shule unafanya kazi gani, ukikaa nyuma unauona ubao? Mara nyingi jibu liko kwenye umbali au kwenye chakula. Anayetembea kilomita nane asubuhi na nane jioni hana haja ya nasaha kuhusu umuhimu wa elimu. Anaujua kuliko sisi. Anahitaji nafasi ya hosteli au ndugu anayekaa karibu na shule. Akisema amepanga geto, yaani chumba cha kukodi, na wenzake, nauliza nani analipa kodi, na kwa binti jibu la swali hilo ndilo linaloniambia kama tatizo ni usingizi au ni kubwa zaidi.

Akiletwa mwanafunzi ambaye kosa lake bado halijaamuliwa, simpokei. Nidhamu imalize kwanza. Ikishamaliza namwambia tangu dakika ya kwanza: adhabu yako imeishia kule, hapa hakuna nyongeza, na utakayosema hayatarudi kule kuwa ushahidi. Barua ya kukiri kosa isiandikwe kwenye chumba cha unasihi. Kamwe.

Chumba chenyewe hakihitaji bajeti. Viti viwili vya urefu sawa, vimekaa kwa pembe, meza isiwe katikati. Kisipakane na ofisi ya walimu. Dirisha liruhusu mtu kuona ndani bila kusikia. Hilo linamlinda mtoto na linamlinda mwalimu. Dakika 30 hadi 40 zinatosha, na ziwe wakati wa michezo au baada ya vipindi, asije akaulizwa na darasa zima alikuwa wapi. Madaftari ni mawili: la kwanza lina namba, tarehe na aina ya tatizo bila jina, na hilo mkuu wa shule anaweza kuliona, la pili lina maelezo, linafungiwa kabatini na ufunguo anao mnasihi.

Kinachoharibu mazungumzo kuliko yote ni mawaidha. Walimu tumezoea kusema. Mtoto akitoa sentensi mbili tunamrudishia kumi, na moja ya hizo huanza na "sisi wakati wetu". Ukiona umezungumza zaidi ya nusu ya muda, kikao kimekushinda. Akinyamaza, nyamaza naye. Watoto wengi hutoa jambo lenyewe baada ya kimya, au wakiwa wameshasimama kuondoka.

Sasa siri, ambayo ndiyo inayokosewa pande zote mbili. Kuna mnasihi anayeahidi kutomwambia mtu yeyote, na huyo atalazimika kuvunja ahadi. Kuna anayesimulia yote ofisini wakati wa chai, na huyo heri angeacha kazi hii. Maneno ninayotumia, kabla mtoto hajaanza, ni haya: "Tutakayozungumza yanabaki hapa, ila nikisikia unadhurika, unataka kujidhuru, au mtu mwingine atadhurika, nitamwambia anayeweza kusaidia, na wewe utajua kwanza." Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa, kwa hiyo hapo mnasihi hana hiari. Na mwalimu mwenzangu akiuliza "yule amekwambia nini?", jibu ni "tunaendelea naye." Akinuna, anune.

Mtoto akisema amebakwa au anaingiliwa, usimhoji kama polisi. Uliza machache, andika maneno yake kama alivyoyasema, na usimwite mtuhumiwa aje kujibu. Usiitishe kikao cha wazee wa familia: humo ndimo kesi zinamomalizwa kwa ng'ombe na fedha. Afike hospitali haraka, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi litatoa PF3, fomu ya polisi ya matibabu, afisa ustawi wa jamii aarifiwe, na simu ya 116 ya kusaidia watoto ni ya bure. Kuhusu kujiua, uliza waziwazi: "Umefikiria kujiua?" Kuuliza hakupandi wazo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata kwenda chooni mpaka apatikane mtu mzima wa kumpokea na huduma ya afya.

Upande wa masomo naupita haraka, ingawa nao ni kazi yetu. Watu hungoja matokeo ya kidato cha nne ndipo waulize habari za tahsusi, yaani michepuo ya masomo ya kidato cha tano na sita, wakati mlango hufungwa mapema zaidi. Anayeacha Fizikia akiingia kidato cha tatu ameshaiaga PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), na bila PCB huingii udaktari wa binadamu moja kwa moja kutoka kidato cha sita. CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia) haitamfikisha huko. Tangu 2024 orodha ina tahsusi 65 badala ya 16 za zamani, na wazazi wengi bado wanazijua zile za zamani tu. Na binti aliyejifungua aelezwe kwamba Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 unamruhusu kurudi shuleni. Wapo wanaokaa nyumbani kwa kutojua.

Kuna mambo yananitatiza ambayo mafunzoni huwa hayasemwi. Mnasihi wetu ni yule yule anayefundisha Hisabati, anayesahihisha mtihani na anayeshika zamu. Saa tatu amemfokea mtoto kwa kutofanya zoezi; saa 8:30 mchana anataka amwamini. Marekani chama cha washauri wa shule hupendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, na kazi yake ni hiyo tu. Sina hakika kama kofia hizi mbili zinaweza kuvaliwa na mtu mmoja akazimudu. La pili ni mzazi. Tunaambiwa tumshirikishe, lakini kuna nyumba ambazo simu moja kutoka shule inamletea mtoto kipigo usiku huo huo. Namuuliza mtoto kwanza ni nani nyumbani anayemsikiliza, na mara nyingine ni bibi au shangazi. Hata hivyo huwa sina uhakika kama nimechagua sawa.

Wakuu wa shule, yaliyo mikononi mwenu ni haya. Wateueni wawili, mwanamke na mwanaume, kwa barua. Asiwemo mwalimu wa nidhamu hata kama ana shahada ya saikolojia. Wapunguzieni vipindi, na zamu muwaondolee kabisa. Watambulisheni paredi kwa kazi yao, na mwanafunzi akionekana anatoka kwenye chumba chao, mtu asimuulize amefanya kosa gani.