Muziki wa kauboi ni upi, na kwa nini hauchuji

Si kila mwimbaji anayevaa kofia pana na buti anaimba muziki wa kauboi. Wengi wao wanaimba kantri, na kantri ni jambo jingine. Huku kwetu mambo haya mawili yamechanganywa kwa muda mrefu, ila hatukuanza sisi. Mwaka 1949 jarida la Billboard la Marekani, linalopanga nyimbo kwa umaarufu, liliyaweka yote chini ya jina moja: kantri na western. Mwaka 1962 likaondoa neno la pili, ikabaki kantri peke yake.

Kantri asili yake ni milima na mashamba ya kusini mashariki mwa Marekani, na habari zake ni za nyumbani: ndoa, usaliti, pombe, mama mzazi, kanisa. Muziki wa western, ambao ndio wa kauboi, ni wa nyanda za magharibi, kutoka Texas kupanda hadi Montana. Habari zake ni ng'ombe, farasi, safari, kiu, radi, na mtu kufa mbali na kwao. Mapenzi yamo, lakini mara nyingi mpenzi ameachwa nyuma na anayeimba yuko juu ya tandiko.

Chanzo chake ni kazi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, Texas ilikuwa imejaa ng'ombe wa pembe ndefu wasio na soko, wakati miji ya kaskazini inataka nyama. Reli ilikuwa mbali. Mwaka 1867 mji mdogo wa Abilene, Kansas, ukawa kituo cha kuwapakia kwenye treni, na ng'ombe wakaanza kuswagwa kwa miguu kutoka Texas mamia ya kilomita. Kundi moja lingeweza kuwa na ng'ombe 2,000 au 3,000, wakisimamiwa na watu kumi na kidogo. Kwa siku walikwenda kilomita 16 hadi 24, wakila majani njiani wasikonde.

Shida ilikuwa usiku. Ng'ombe walio porini hushtuka kwa kitu kidogo tu, ngurumo ya mbali au kijiti kuvunjika, na kundi zima likikurupuka gizani, watu na farasi hukanyagwa. Kwa hiyo wawili wawili walishika lindo kwa zamu, wakilizunguka kundi juu ya farasi, mmoja akienda upande huu na mwenzake upande ule, huku wakiimba. Sauti ya mtu inayoendelea bila kukatika iliwaambia ng'ombe kwamba anayepita gizani ni yule yule, wala si hatari. Ilimsaidia pia mwimbaji asisinzie. Waliimba chochote walichokijua: nyimbo za kanisani, visa vya zamani vya Ireland, hata mashairi yasiyo na adabu. Mwendo wake ukawa wa farasi anayetembea, na hadi leo nyimbo nyingi za aina hii zina mapigo hayo hayo ya kwato, pole pole, bila haraka ya kufika.

Makauboi, yaani wachungaji hawa wa ng'ombe, hawakuwa watu wa kabila moja, ingawa sinema zimetuzoesha sura moja. Kazi yenyewe, pamoja na tandiko, kamba ya kunasia ng'ombe na sehemu kubwa ya maneno ya kazi, ilitoka kwa wachungaji wa Meksiko. Makauboi Weusi nao walikuwa wengi, baadhi yao wametoka utumwani miaka michache tu kabla. Wengine walikuwa Waayalandi, Waskoti na Wajerumani. Nyimbo zao nazo zikachanganyika hivyo. Ule maarufu wa kauboi kijana anayekufa kwenye mitaa ya Laredo ni wimbo wa zamani wa Uingereza na Ireland, uliobadilishwa mavazi ya marehemu na kupewa mji mpya wa kufia. Na “Home on the Range”, ambao leo ni wimbo rasmi wa jimbo la Kansas, maneno yake yaliandikwa miaka ya 1870 na Brewster Higley. Huyu alikuwa daktari. Mkusanyaji wa nyimbo John Lomax aliupata kwa mwenye baa Mweusi huko San Antonio.

Enzi yenyewe haikudumu. Mwaka 1874 Joseph Glidden wa Illinois alipata hataza ya seng'enge, na nyanda zilizokuwa wazi zikaanza kukatwa vipande vipande. Reli zikaingia Texas, haja ya kuswaga ng'ombe hadi Kansas ikaondoka. Kisha majira ya baridi ya 1886 na 1887 yakaua ng'ombe wengi sana kaskazini, na wawekezaji wakakimbia. Yaani miaka ishirini hivi tu.

Hapo ndipo penye jibu la kwa nini muziki huu hauchuji. Jack Thorp, aliyekuwa kauboi mwenyewe, alichapisha kijitabu chake cha nyimbo mwaka 1908; Lomax akatoa chake mwaka 1910. Santuri za kwanza zilizopendwa, kama zile za Carl Sprague wa Texas, ni za kuanzia 1925. Dunia ilipoanza kuusikia muziki wa kauboi, makundi makubwa hayakuwa yakipita tena. Muziki wa mtindo wa leo huzeeka kwa sababu leo yenyewe inapita. Huu ulitoka ukiwa tayari ni kumbukumbu, na kumbukumbu haina cha kupitwa nacho.

Miaka ya 1930 Hollywood ikauchukua. Gene Autry na Roy Rogers wakawa makauboi waimbaji wa sinema, mashati yamedariziwa, farasi wamesuguliwa wakang'aa. Wapo wanaosema hapo ndipo ulipoharibika. Sikubaliani nao kabisa. Kundi la Sons of the Pioneers, ambalo Rogers alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, lilileta uimbaji wa sauti tatu zilizoshikana, na mtunzi wake Bob Nolan ni mshairi hasa. Nolan alizaliwa Kanada, akakutana na jangwa la Arizona akiwa kijana, na wimbo wake kuhusu magugu makavu yanayobingirishwa na upepo aliutunga akiwa Los Angeles, akifanya kazi ya kubeba mikoba ya wacheza gofu. Hakuna ng'ombe hata mmoja aliyeswagwa hapo. Lakini upweke ule ni wa kweli, na waliousikiliza wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, kazi hakuna na mashamba ya nyanda yanapeperuka kwa ukame, hawakuhitaji kufafanuliwa upweke ni nini.

Kwa sikio utautambua hivi: gitaa, fidla, besi kubwa ya kusimama, pengine akordioni. Mara nyingine kuna yodeli, ile sauti inayoruka ghafla kutoka kifuani hadi juu nyembamba na kurudi, yenye asili ya milima ya Alpi. Juu ya yote kuna kisa. Aliyezoea tenzi hatapata taabu hapa: beti zinafuatana, mtu anaanza safari, jambo linatokea, na msikilizaji hana ruhusa ya kuondoka kabla halijaisha. Mwaka 1959 Marty Robbins alitoa “El Paso”, kisa cha mwanamume anayeua kwa wivu, anakimbia, kisha anarudi akijua atakufa. Unazidi dakika nne, wakati redio zilipenda nyimbo zisizofika tatu. Ulifika namba moja hata hivyo, kwenye orodha ya kantri na kwenye ya muziki wa kawaida pia.

Sauti za upande huo zilifika Afrika Mashariki mapema. Mwaka 1950 Hugh Tracey alikuwa Kapkatet, Kenya, akirekodi muziki wa Wakipsigis, akawakuta wasichana wanaimba kuhusu Chemirocha. Huyo ni Jimmie Rodgers, Mmarekani wa kantri aliyepiga yodeli na kuimba pia nyimbo za makauboi, aliyefariki mwaka 1933. Walikuwa wamemsikia kwenye santuri. Kwa maelezo ya Tracey, wasichana walimfanya kiumbe nusu mtu nusu swala, wakimhimiza aruke hadi nguo zimvuke. Linganisha na Kinshasa, ambayo wakati huo iliitwa Léopoldville. Miaka ya 1950 vijana waliojiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill, Mmarekani aliyesifika kwa maonyesho ya makauboi, walichukua kauboi wa sinema: mavazi, mikogo, ubabe. Kapkatet iliipata sauti bila picha, na kwa maoni yangu ndiyo iliyopata kilicho bora zaidi.

Maana bastola si kiini cha muziki huu. Nyimbo nyingi za zamani hazina hata risasi moja. Zina mtu mdogo kwenye nchi kubwa mno, anayelipwa kidogo kwa kazi anayoijua vizuri, na anayezungumza na farasi kwa sababu hakuna mwingine. Wafugaji wa leo wa Nevada na Montana bado wanaishi sehemu ya hayo, na tangu 1985 wamekuwa wakikutana mji wa Elko, Nevada, majira ya baridi kazi inapopungua, kughani mashairi na kuimba. Kuna bendi pia zilizokataa kuuacha, kama Riders in the Sky, waliopo tangu 1977 na wanaochanganya sauti tatu za kale na utani mwingi.

Anayetaka kuanza asianzie kwenye orodha za kantri, atapotea. Aanze na Sons of the Pioneers kwa ajili ya sauti, kisha Marty Robbins kwa ajili ya visa. Akishazoea, amtafute Carl Sprague, ambaye mara nyingi alikuwa na gitaa tu na santuri zake zinakwaruza. Wengi humwona mkavu mara ya kwanza.