Msimu wa trauti ndio huu, na uongo tunaodanganyana kabla wageni wafike

Mvua ndefu ikikata tu simu zinaanza, wageni wanauliza tuje lini kuvua trauti, samaki wa mito ya baridi, na wengi wenye kuongoza wavuvi kwa mito ya Sagana, Mathioya ama Naro Moru hujibu kuja hata kesho. Ati mvua ikiisha mto uko tayari. Wapi! Maji yanayotoka msituni husafika haraka lakini huko chini kwa mashamba mto unaweza kaa rangi ya chai ya maziwa muda mrefu, na trauti huwinda kwa macho, so mgeni atarusha ndoano mpaka achoke mkono.

Halafu mto wa mwaka huu sio wa mwaka jana. Mafuriko husukuma mawe, kidimbwi ulichozoea kinajaa changarawe, gogo mlilokuwa mnavukia limeenda, na ukingo umeliwa chini kwa chini yaani unaona nyasi tu juu, ukikanyaga unaenda nayo. Kabla upokee deposti ya mtu tembea ukingo wote kwa miguu, wewe na mwenzako na panga, mjue gari linafika wapi na netwaki inapotelea wapi. Mimi naona hii inashinda kununua rodi mpya ya kuvulia mara mia.

Kuna uongo mwingine, ati ukianguka na suruali za mpira za kuingilia mtoni maji yakiingia ndani yanakuvuta chini. Si kweli, maji yaliyo ndani ya maji hayana uzito wa kukuzamisha. Hatari ni kwamba zikijaa huwezi kupiga hatua wala kupanda ukingo na mkondo bado unakubeba. Ndio maana kuna mkanda wa kiuno, ukikazwa maji mengi hayapiti, so kagua mikanda yote, na usiku zima taa uingize tochi ndani ya kila mguu, palipotoboka patawaka.

Laini ya nailoni ya kuvulia haiozi, sawa, lakini jua huila, kama ilikaa dirishani msimu wote tupa.

Laiseni yako ya kuvua pia haimfuniki mgeni. Kila anayevua awe na yake, na mkiingia ndani ya hifadhi ya Mlima Kenya ama Aberdare kuna ada za KWS, shirika la wanyamapori, juu yake, mwambie mapema asidhani unamchuna. Huko ndovu na nyati hutumia njia zilezile za mtoni, usiende bila mtu anayejua kusoma kinyesi kibichi cha hao wanyama.

Wengine huapa trauti ni wa asili hapa kwetu. Hapana, mayai yaliletwa kutoka Uskoti 1905 yakawekwa mto Gura, Aberdare, na wageni hupenda sana hiyo stori. Samaki wa baridi huyu, maji yakikaribia digrii 20 anachoka vibaya, na ukimrudisha majini akiogelea haimaanishi amepona. Beba kipimajoto, lowesha mikono kabla umshike usimtoe ute, na picha iwe ya haraka haraka.

Uongo wa mwisho na ndio huniogopesha: ati hapa jua linawaka, so mto hauwezi panda. Mvua ikinyesha juu mlimani nyinyi huku chini hamtasikia hata ngurumo. Mkifika tu chagua jiwe moja pale maji yanapoishia, likifunikwa, ama maji yaanze kuleta majani na kubadilika rangi, toa watu wote nje hata kama mtu ameshikilia samaki.