Kabla ya mimba, waje wote wawili

Wanandoa wakikutana kimwili mara kwa mara bila kinga kwa miezi 12 na mke asishike mimba, sisi wauguzi na wakunga tunasema wakati wa uchunguzi umefika. Mke akiwa amevuka miaka 35, hatungoji zaidi ya miezi 6. Hapa Mwanza anayefika kituoni kwanza ni mwanamke, aghalabu peke yake, akiwa amekwisha kunywa dawa za chango alizoelekezwa na wifi au jirani. Huja amebeba lawama ambayo hakuna kipimo kilichoithibitisha, kwani katika takribani nusu ya ndoa zenye tatizo hili mwanamume naye ana sehemu yake, ama peke yake ama pamoja na mkewe. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalomwomba ni arudi na mwenzake.

Kipimo cha shahawa ni rahisi kuliko vingi anavyofanyiwa mwanamke, lakini huharibika kwa maelezo mabaya. Mume ajizuie kutoa mbegu kwa siku 2 hadi 7, atumie kikombe safi cha maabara wala si kondomu ya kawaida, asipake mate, sabuni wala mafuta, na asipoteze matone ya mwanzo, maana ndiyo yenye mbegu nyingi. Akitolea nyumbani, kikombe kifike maabara ndani ya saa 1 kikiwa karibu na mwili wake ili kisipoe. Anayetoka Igoma kwa daladala asubuhi, kwenye foleni, ni heri apewe chumba cha faragha hapohapo hospitalini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataja mbegu milioni 16 kwa kila mililita kuwa kiwango cha chini cha kawaida, ingawa aliye chini ya hapo hajahukumiwa kuwa mgumba. Mbegu hutengenezwa kwa siku zipatazo 74, hivyo homa kali ya malaria ya miezi 2 iliyopita yaweza kuonekana kwenye majibu ya leo, na kipimo kibaya hurudiwa baada ya miezi 3 kabla ya kusema lolote.

Miezi hiyo 3 ya kungoja, ambayo mume anaitumia kuacha sigara na kupunguza pombe, mke naye asiipoteze. Ameze asidi ya foliki, maikrogramu 400 kila siku, tangu angalau mwezi 1 kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga kufikia siku ya 28 baada ya mimba kutungwa, wakati mama wengi ndiyo kwanza wanajiuliza mbona hedhi imechelewa. Vidonge vinavyotolewa kliniki ya wajawazito humkuta mtoto amekwisha kuvuka hatua hiyo. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, au anayetumia dawa za kifafa, huhitaji dozi kubwa zaidi anayopangiwa na daktari, wala asiache dawa za kifafa kwa uamuzi wake. Nawashauri pia wapime selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, wote wawili, kwa kuwa Kanda ya Ziwa ina wabebaji wengi. Na kwa upole namuuliza mke kama anakula pemba, udongo ule unaouzwa sokoni, ambao umewahi kupimwa ukakutwa na madini kama risasi na aseniki.

Kichocho ndicho nisichokubali kisahauliwe. Ufukweni mwa ziwa tunaona zaidi kile cha tumbo, lakini kwenye malambo na majaruba ya Misungwi na Kwimba kipo cha mkojo, ambacho mayai yake hujikita katika shingo ya kizazi na hata kwenye mirija ya uzazi. Mwanamke hutokwa damu baada ya tendo, hupata uchafu na maumivu chini ya kitovu, anatibiwa kisonono mara kwa mara, na nyumbani wanaanza kushukiana. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, huua minyoo, ila makovu yaliyokwisha kutokea huenda yasiondoke, ndiyo sababu nauliza mapema alikulia wapi na alichota maji wapi.

Wakishafika wote wawili, nawasikiliza pamoja, kisha kila mmoja nampa muda wake peke yake, mlango umefungwa. Mama anaweza kuwa alitoa mimba akiwa shuleni, akaugua, na mumewe hajui; baba anaweza kuwa aliugua matubwitubwi yakavimbisha korodani, au ana mtoto mahali pengine. Wanayonieleza faraghani hayavuki mlango huo bila idhini yao, nami huwaambia hivyo kabla sijauliza swali la kwanza.